Namna ya Kuzuru Hekalu la Seiganto-ji na Maporomoko Matakatifu ya Nachi

Kusini mwa Rasi ya Kii, katika mkoa wa Wakayama nchini Japani, kuna mlima wa msitu mzito ambao ubavuni mwake zimekaa sehemu tatu za ibada: hekalu la Kibudha la Seiganto-ji, hekalu la Kishinto la Kumano Nachi Taisha lililopakana nalo, na maporomoko ya Nachi, ambayo maji yake huanguka mita 133 kwa mkupuo mmoja. Wageni wengi hupandishwa hadi karibu na juu kwa basi, wakapiga picha ya pagoda nyekundu yenye maporomoko nyuma yake, kisha wakateremka kabla ya saa moja kwisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kama wanavyokwenda mahujaji, yaani kwa miguu katika sehemu ya mwisho, kwa utaratibu wa mlima wenyewe, na kwa kutambua tangu mwanzo kwamba maporomoko hayo si pambo la mandhari ya hekalu. Yenyewe ndiyo yanayoabudiwa, na majengo yote uyaonayo yalikuja baadaye kwa ajili yake.

Yafaa kujua kabla ya kwenda

Masimulizi ya hekalu yanasema kwamba mtawa kutoka India aliyeitwa Ragyo Shonin alitupwa na bahari kwenye pwani hii mnamo karne ya 4, akafanya mazoezi ya toba chini ya maporomoko, na katika bwawa lake akaona sanamu ndogo ya dhahabu ya Kannon, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha) wa huruma. Hiyo ni hekaya, na isomwe kama hekaya. Kilicho dhahiri ni kwamba kwa karne nyingi Ubudha na Ushinto viliabudiwa hapa pamoja bila mpaka, miungu ya mlima ikihesabiwa kuwa sura nyingine za Buddha na mabodhisatva. Mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru dini hizo mbili zitenganishwe. Ukumbi wa Kannon ukafungwa na sanamu zake zikahamishwa, na haukufufuliwa hadi mwaka 1874, ulipopewa jina la Seiganto-ji chini ya madhehebu ya Kibudha ya Tendai.

Historia hiyo ina matokeo ya moja kwa moja kwa miguu na mikono ya mgeni. Utapita geti dogo, na ndani ya hatua chache utakuwa umetoka katika dini moja na kuingia katika nyingine, kila moja ikiwa na namna yake ya kuinama na ya kuomba. Wajapani wenyewe huvuka mpaka huo bila kusita, lakini hawachanganyi taratibu, na mgeni afanyaye hivyo hupokewa vizuri zaidi kuliko yule anayepiga makofi mbele ya Kannon.

Seiganto-ji ni hekalu la kwanza katika hija ya mahekalu 33 ya Kannon ya Saigoku, inayoanzia hapa na kuzunguka eneo la Kansai hadi mkoa wa Gifu. Mwaka 2004 UNESCO iliiandikisha Nachi, pamoja na njia za hija za Kumano, kuwa urithi wa dunia. Ndiyo sababu utawakuta mahujaji wazee waliovaa vizibao vyeupe, wameshika fimbo, wakisimama bega kwa bega na vijana waliobeba mabegi makubwa ya safari za miguu.

Wakati gani wa mwaka

Rasi ya Kii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Japani. Mji wa Owase, ulio upande wa mashariki wa rasi hiyo, hupata karibu milimita 3,900 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayolisha msitu na maporomoko, kwa hiyo mgeni hana haki ya kuinung'unikia, lakini anapaswa kuipangia. Msimu wa mvua za mfululizo ni Juni hadi katikati ya Julai, na vimbunga huja zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Septemba 2011 kimbunga Talas kilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu katika bonde hili hili la Nachi, na kwa sababu hiyo tahadhari inapotangazwa na mabasi yakasitishwa, usijaribu kupanda kwa njia nyingine. Bakia mjini.

Nyakati zilizo bora ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, wakati maua ya mcheri yamechanua, na kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Desemba, wakati hewa ni kavu na majani yanageuka rangi. Majira ya baridi si mabaya, maana pwani hii hupashwa na mkondo wa bahari wa Kuroshio na theluji ni nadra, ila asubuhi mawe ya njia huwa na utelezi wa barafu mara chache. Jiepushe na siku za mwaka mpya, wiki ya sikukuu mwishoni mwa Aprili na mwanzo wa Mei, na katikati ya Agosti, isipokuwa kama umati haukusumbui.

Ukiweza kuchagua siku yenyewe, chagua siku inayofuata mvua kubwa. Baada ya wiki kavu, maji hushuka kama nyuzi tatu nyembamba kutoka katika mapengo matatu yaliyochongeka kwenye ukingo wa mwamba. Baada ya mvua, nyuzi hizo huungana kuwa pazia moja, na ngurumo yake husikika ungali mbali.

Siku ya 14 Julai ni jambo la pekee. Ndiyo siku ya sikukuu ya moto ya Nachi, ambapo miungu 12 huteremshwa hadi kwenye maporomoko ikiwa katika mapepeo marefu ya kubebwa, yaliyotengenezwa kwa miti na nguo, yenye kimo cha mita 6 hivi, na mienge 12 mikubwa, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilo 50 hivi, hubebwa na wanaume waliovaa nyeupe ili kuitakasa njia kwa moto. Ngoma ya kale ya dengaku inayochezwa katika sikukuu hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2012. Ukitaka kuiona, panga malazi miezi mingi kabla, na ukubali kwamba siku hiyo hutapata utulivu wowote.

Kufika Kii-Katsuura

Lango la Nachi ni stesheni ya Kii-Katsuura, katika njia ya reli ya Kisei. Kutoka Shin-Osaka, treni ya haraka iitwayo Kuroshio huchukua takribani saa 4. Kutoka Nagoya, treni iitwayo Nanki huchukua kati ya saa tatu na nusu na nne. Mwenye pasi ya reli ya taifa ajue kwamba Nanki hupita kipande cha reli ya kampuni nyingine, Ise Railway, ambacho pasi haikigharamii, na kondakta atadai nyongeza ndogo ndani ya treni. Upande wa Osaka hauna usumbufu huo. Katika treni itokayo Osaka, kaa upande wa kulia: baada ya Wakayama reli huanza kufuata bahari, na kuna sehemu ambapo mawimbi yapo chini ya dirisha.

Wapo wanaofanya safari hii kwa siku moja kutoka Osaka. Hesabu ni rahisi: saa 8 za treni kwa ajili ya saa 3 mlimani, tena saa 3 za mchana, ambazo ndizo zenye watu wengi. Kwa maoni yangu hiyo ni nauli iliyopotea. Lala Kii-Katsuura usiku mmoja kabla ya kupanda. Ni mji mdogo wa wavuvi wenye chemchemi za maji moto na bandari inayosifika kwa jodari wabichi wanaovuliwa kwa mishipi mirefu; asubuhi mnada wao hufanyika kwenye gati, na chakula cha jioni kitakuwa jodari karibu kila uendako. Ukifikia katika nyumba ya wageni yenye bafu la pamoja, oga kwa sabuni pembeni kwanza ndipo uingie bwawani, na kama una chale mwilini uliza kabla, kwa sababu baadhi ya nyumba haziziruhusu.

Toa fedha taslimu kabla hujapanda. Mlimani sadaka, mihuri, vijiti vya ubani na viingilio hulipwa kwa sarafu, na hakuna raha ya kuwa mbele ya kisanduku cha sadaka ukiwa na noti ya yeni 10,000 peke yake. Mzigo mkubwa uache katika makabati ya sarafu ya stesheni au kwa mwenyeji wako.

Mabasi ya kwenda Nachi huondoka mbele ya stesheni. Ratiba za Japani hufuata saa 24 zinazoanza usiku wa manane, hivyo basi lililoandikwa 7:00 ni la saa moja asubuhi; yafaa kulihakiki jambo hilo usiku ule ule, maana mabasi ni machache na kulikosa moja ni kusubiri muda mrefu. Panda kwa mlango wa nyuma na uchomoe tiketi ndogo yenye namba kutoka katika mashine iliyo pembeni ya ngazi. Juu ya dereva kuna ubao wa taa unaoonyesha nauli chini ya kila namba, na nauli hiyo hupanda kadiri basi linavyosonga. Unaposhuka kwa mlango wa mbele, tumbukiza tiketi pamoja na sarafu kamili katika kisanduku kilicho ubavuni mwa dereva. Chenji hairudishwi, mashine hiyo hiyo ina sehemu ya kuvunjia noti ya yeni 1,000, nayo itumie basi likiwa limesimama kituoni, kabla foleni ya kushuka haijaanza.

Kabla ya milima, basi hupita stesheni ya Nachi, na hatua chache kutoka hapo kuna hekalu dogo la Fudarakusan-ji. Kati ya karne ya 9 na ya 18, watawa kadhaa waliondokea pwani hiyo ndani ya mashua zilizopigiliwa misumari kutoka nje, wakiwa na chakula na mafuta ya kuwashia taa ya siku 30 hivi, wakielekea kusini baharini kutafuta pepo ya Kannon. Hawakutarajiwa kurudi. Mfano wa mashua hiyo umewekwa uani, ukiwa na malango manne mekundu yaliyozunguka kibanda kisicho na dirisha. Kama una nusu siku ya ziada, anzia hapo, kwa sababu ni vigumu kuielewa imani ya Nachi bila kuona jinsi ilivyoyaunganisha maji ya mlimani na maji ya bahari.

Kupanda kwa Daimonzaka

Shuka kituo cha Daimonzaka, dakika zisizozidi 20 hivi kutoka mjini, wala usiendelee hadi juu. Hapa huanza ngazi ya mawe iliyobaki kutoka katika njia ya zamani ya mahujaji, yenye vidato 267 na urefu wa mita 600 hivi. Mlangoni pake imesimama mierezi miwili mikubwa, mmoja kila upande, inayoitwa mume na mke, yenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 800. Mizizi yao imekutana chini ya njia, na wewe unapita katikati.

Waliokutangulia hapa ni wengi. Kaizari mstaafu Go-Shirakawa alikwenda Kumano zaidi ya mara 30 katika karne ya 12, na baadaye watu wa kawaida walifurika hata Wajapani wakaiita hija hiyo msafara wa siafu. Kumano iliwapokea wanawake katika zama ambazo milima mingine mitakatifu iliwafungia njia, na iliwapokea wagonjwa na maskini pia. Kwa ukumbusho wa zama hizo, nyumba ya chai iliyo mwanzoni mwa njia hukodisha mavazi ya mtindo wa enzi ya Heian (karne ya 8 hadi ya 12), na huenda ukakutana na bibi aliyevaa kofia pana yenye shela akipiga picha katikati ya mierezi.

Mawe ya Daimonzaka hayalingani: kimoja kimeinuka hadi nusu ya muundi, kinachofuata ni kifupi na kimeinamia mbele, na juu ya vyote kuna kuvu na majani ya mierezi yaliyolowa. Kwa hiyo vaa viatu vyenye soli inayoshika, na mvua ikinyesha pendelea koti la mvua kuliko mwavuli, ili mikono yote miwili ibaki huru. Ukanyage katikati ya jiwe, usikanyage ukingo wake. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mavu wakubwa wa Kijapani huwa wakali. Ukiona mmoja anakuzunguka, rudi nyuma polepole bila kumpunga. Mwendo wa kawaida ni nusu saa hivi, na hakuna anayekukimbiza.

Mwisho wa ngazi hiyo hujafika. Utatokea barabarani, penye maduka yauzayo vidau vya wino na vikete vya mchezo wa go vilivyochongwa kwa jiwe jeusi la Nachi, kisha utaanza ngazi nyingine ndefu inayoelekea kwenye mahekalu. Ukiichukulia Daimonzaka kuwa ndiyo kazi yenyewe, ngazi hii ya pili itakuvunja moyo. Hifadhi pumzi kwa ajili yake. Karibu na juu njia hugawanyika, upande mmoja ukienda kwenye geti la hekalu lenye sanamu za walinzi wawili wakali, na upande wa pili ukienda kwenye lango jekundu la Kishinto. Haidhuru uanze wapi. Mimi napendelea kuanza kwa Kannon.

Mbele ya Kannon, na mbele ya miungu

Ukumbi mkuu wa Seiganto-ji ulijengwa upya mwaka 1590 kwa amri ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa kijeshi wa Japani wa wakati huo, baada ya ule wa awali kuteketea katika vita. Hauna rangi. Mbao zake zimekuwa nyeusi kwa moshi wa ubani na umri, na ukitoka kwenye wekundu wa majengo ya Kishinto yaliyo jirani, macho huchukua muda kuuzoea. Ndani umetundikwa upatu mkubwa wenye kipenyo cha mita 1.4 na uzito wa kilo 450, uliotolewa na Hideyoshi mwenyewe.

Kabla ya kuingia, nawa kwenye birika: mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mimina maji kiganjani usukutue kinywa na kuyatema pembeni, na mwisho simamisha kata ili maji yaliyobaki yasafishe mpini. Washa mshumaa na vijiti vya ubani, bila kuchukua moto kutoka katika mshumaa wa mtu mwingine. Tia sadaka taratibu, unganisha viganja kifuani, inama, na uombe kimya kimya. Hapa hakuna kupiga makofi. Ukiwakuta mahujaji wanasoma sutra, yaani maandiko ya Kibudha, kwa pamoja, simama kando wamalize. Usikate mbele yao ili kufikia kisanduku. Sanamu kuu, Kannon wa umbo la Nyoirin, hufichwa ndani ya kabati lake na huonyeshwa kwa nadra, hivyo usishangae kuona watu wanaomba mbele ya milango iliyofungwa. Usipige picha ndani ya ukumbi.

Anayeshika kitabu cha mihuri atakipeleka kwenye dirisha la hekalu, ambapo mtawa huandika kwa brashi na kugonga mihuri myekundu, kwa ada ya yeni mia kadhaa. Subiri bila kuzungumza wakati anaandika. Hekalu, jinja (yaani hekalu la Kishinto) iliyo jirani, na maporomoko kila kimoja kina muhuri wake, na mahujaji wa Saigoku hutumia kitabu maalumu cha hija hiyo wasichokichanganya na vingine. Huo si muhuri wa kumbukumbu ya utalii. Hutolewa baada ya kuomba, na ndiyo maana dirisha huja mwisho.

Ukivuka geti dogo kuingia Kumano Nachi Taisha, utaratibu hubadilika: inama mara mbili kwa kina, piga makofi mawili, omba, kisha inama mara moja. Uani kuna mti wa kafuri unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 850, ulio wazi tumboni. Kwa sadaka ndogo hupewa kijiti bapa cha mbao. Andika juu yake jina lako na ombi lako, ingia nacho katika tundu la shinani, panda ngazi fupi gizani na utokee juu kwenye tawi, ndipo ukiweke mahali pake. Mtu mwenye mwili mkubwa atapita kwa shida, na mwenye begi mgongoni hatapita kabisa. Kunguru mwenye miguu mitatu utakayemwona kila mahali ni Yatagarasu, anayesimuliwa kumwongoza kaizari wa kwanza katika milima hii. Mashabiki wa kandanda watamtambua: yumo katika nembo ya Chama cha Soka cha Japani.

Kuteremkia maporomoko

Kutoka hekaluni njia hushuka kupita kwenye pagoda ya ghorofa tatu. Ile ya kale iliungua, na hii ni ya mwaka 1972, yenye lifti ndani. Kulipia kuingia si lazima, kwani mandhari ya nje yanatosha. Endelea kushuka dakika kumi na tano hivi hadi ufike kwenye lango la mawe barabarani, na toka hapo ngazi pana ya kale inashuka katikati ya mierezi mirefu hadi Hiro-jinja.

Ukifika, usitafute jengo. Hiro-jinja haina ukumbi wa mungu kama zilivyo jinja nyingine, kwa sababu mungu wake ni maporomoko yenyewe, na lango limesimamishwa moja kwa moja mbele ya maji. Inama mara mbili, piga makofi mawili, uombe ukiyaelekea maji, kisha uiname tena. Baada ya hapo lipia kiingilio kidogo na upande kwenye jukwaa lililo karibu zaidi. Njiani kuna maji yanayotoka katika kinywa cha joka la mawe, yanayosemekana kurefusha maisha. Hunywewa kwa kikombe bapa cheupe unachokinunua hapo na kuondoka nacho.

Jukwaani, inua macho hadi ukingoni kabisa. Ukingo una upana wa mita 13, na juu yake imevutwa kamba takatifu ya mabua ya mpunga, ambayo kutoka chini huonekana nyembamba kiasi kwamba wengi hawaioni. Hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, tarehe 9 Julai na 27 Desemba, na makuhani waliovaa nyeupe ndio wanaokwenda kuifunga pale juu, karibu kabisa na maji yanapoanza kuanguka. Tazama kisha jinsi maji yanavyoshuka: sehemu ya juu hubaki imeshikana na mwamba, katikati hupasuka kuwa mafungu yanayochelewa kuanguka, na robo ya mwisho ni ukungu unaosukumwa na upepo hadi kwenye miwani yako. Kamera zote zitalowa; beba kitambaa.

Jukwaa na hekalu hufunguliwa yapata saa moja asubuhi na kufungwa karibu na saa kumi na nusu alasiri. Saa ya kwanza ndiyo yenye utulivu. Anayelala mjini na kupanda basi la kwanza anaweza kugeuza mpangilio, akashukia kituo cha Nachi-no-Taki-mae, akaomba kwenye maporomoko kabla ya makundi, kisha akapanda hekaluni na kuteremka kwa Daimonzaka. Atakosa ladha ya kuyakaribia maji hatua kwa hatua, lakini huenda akawa peke yake mbele yake, na sioni ubaya katika biashara hiyo.

Kusimama chini ya maji

Watu wengi huuliza kama wanaweza kuoga chini ya maporomoko kama watawa wa zamani. Jibu ni hapana. Masimulizi ya kale yanamtaja Mongaku, askari wa karne ya 12 aliyegeuka mtawa, aliyesimama hapa katika baridi kali hadi akazimia. Lakini leo bwawa na mwamba vimefungwa, na msitu wa juu hauingiliwi bila ruhusa. Mwaka 2012 wapanda miamba watatu walikamatwa na polisi baada ya kujaribu kuyapanda maporomoko hayo, na hasira iliyozuka Japani nzima ilionyesha kuwa kosa lenyewe lilihesabiwa kuwa zaidi ya kuvuka uzio. Watawa wa milimani wa Shugendo bado hufanya mazoezi yao ya baridi katika maporomoko madogo yaliyofichika ndani ya msitu, yanayohesabiwa kuwa 48, lakini huo si utalii, na hawafuatwi.

Mwenye nia ya kweli ya kufanya takigyo, yaani ibada ya kusimama chini ya maji, aende kunakopokea wageni. Kuna hekalu la Shippōryū-ji, katika mlima Inunaki mjini Izumisano, si mbali na uwanja wa ndege wa Kansai. Na karibu na Tokyo kuna hekalu la Yakuō-in la mlima Takao, yenye maporomoko mawili ya mazoezi. Kote kuwili huandikisha kabla na kuongozwa na mtawa. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au ujauzito asifanye. Usile chakula kizito kabla, vua vito na lenzi za macho, lowesha mikono, miguu na kifua kabla ya kuingia, na usiweke utosi moja kwa moja chini ya mkondo, kwani maji huweza kuleta kokoto na vijiti. Mtawa akikuambia toka, toka, hata kama unajiona una nguvu za kuendelea.

Kurudi, au kuendelea

Wenye miguu na mapafu ya kutosha hawarudi kwa basi. Ubavuni mwa Seiganto-ji huanza njia ya Ogumotori-goe, kilomita 14.5 za kupanda na kushuka hadi kijiji cha Koguchi, kipande kigumu kuliko vyote katika Nakahechi, mojawapo ya njia za hija za Kumano, kinachokula saa 7 hadi 9. Anza alfajiri, beba chakula na taa ya kichwani, na uhakikishe umeshapata malazi Koguchi, kwa kuwa hakuna mahali pa kulala katikati.

Wengine wote wapandie basi kituo cha Nachi-no-Taki-mae, mbele ya lango la maporomoko. Tazama ubao wa ratiba mara tu unaposhuka kwenda kwenye maji, kwa sababu la mwisho huondoka mapema kuliko mgeni anavyodhani, na teksi ya kuitwa kutoka mjini itakugharimu mara kadhaa ya nauli hiyo. Ukiteremka kabla ya adhuhuri, treni itakufikisha kwa muda mfupi mjini Shingu, penye hekalu la Kishinto la Kumano Hayatama Taisha, na la tatu katika mahekalu makuu ya Kumano, Hongu, ni safari ya basi ya saa moja hadi moja na nusu kutoka hapo, ambayo ni afadhali uiwekee siku yake.